Gari lina jina la marehemu, ninunue au niache?

kijana_wa_zakhem: Wakuu habarini. Kuna Toyota IST namba D (usajili wa herufi zinazoanza na D) nimeiona kwa dogo mmoja huku Mbagala, chuma kimetulia, anataka mil 9.5 na hela ninayo. Shida kadi ya usajili wa gari ina jina la baba yake ambaye ni marehemu, dogo anasema tuandikishane kwa mwanasheria anipe kadi original nitembelee hivyo hivyo, jina nitabadilisha mbele ya safari. Mama na dada zake anasema wanajua ila sijawaona. Nataka iingie taksi mtandao, na hela ni kiinua mgongo cha mama, naombeni ushauri kabla sijatoa hata mia.

Babu Kadi: Usitoe mkuu. Mali ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi, sio mtoto aliyebaki na funguo. Wakae kikao cha familia, waandike muhtasari, waende Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, atakayeteuliwa ndo anasaini na wewe na hapo TRA (mamlaka ya mapato) watakuhamishia. Huo mkataba wa dogo hata upigwe mihuri kumi, kesho dada mtu akienda kushtaki gari linalala kituoni na dogo hapatikani kwenye simu.

mtu_chake: Mnamtisha bure, mjini hapa watu kibao wanatembelea kadi za watu na maisha yanaenda

Mama Junior Tabata: @mtu_chake yanaenda mpaka siku umegonga mtu. Bima watataka kujua mwenye gari ni nani, utawapeleka makaburini? Halafu yeye anataka biashara, LATRA, wanaosimamia usafiri wa nchi kavu, leseni wataitoa kwa kadi ya nani? Na hiyo plate ya njano ya gari binafsi lazima TRA wabadilishe iwe nyeupe ya biashara, huko kote jina linatakiwa. Mdogo wangu, familia ikikubali kwenda mahakamani wape muda, ISTs haziishi Dar.

fundi_Gerezani: Na kabla ya yote ingiza namba ya gari kwenye TMS, mfumo wa mtandaoni wa trafiki, uone madeni, faini moja ni 30,000 zikijipanga sio mchezo. Fungua boneti soma chasisi iliyogongwa kwenye bodi, herufi kwa herufi na kadi, ukiona pamesuguliwa au rangi mpya hapo tu ondoka.

kijana_wa_zakhem: Nimewaelewa wakuu. Gharama za kubadilisha jina zikoje?

Babu Kadi: TRA 50,000 ya kuhamisha, kadi mpya 10,000, na ushuru wa stempu 1% ya thamani, kwahiyo kwa bei hiyo weka 155,000 pembeni, mwanasheria mbali. Vishoka wa nje ya ofisi usiwape kadi hata kidogo.

kijana_wa_zakhem: Nimempigia dogo nikamwambia nataka nionane na mama yake kwanza, kasema atanirudia. Akinikutanisha nae nitaleta mrejesho