Nani atakuwa Scrooge?

UKOO – KRISMASI MACHAME 🎄
Alhamisi, saa moja jioni

Neema: Shikamooni wote. Nina ombi. Vijana wa usharika tunafanya igizo tarehe 24 jioni, ile hadithi ya Charles Dickens ya mzee bahili Scrooge. Nimepewa mimi kuiandika kwa Kiswahili. Tumekosa mtu wa kuwa Scrooge mwenyewe, vijana wetu sauti bado nyembamba.

Baraka: Mbona mtu tunaye humuhumu 😂

Mama Baraka: Baraka, koma.

Baraka: Sijataja jina la mtu mama

Mjomba: Marahaba Neema, nimeona. Kabla ya igizo, suala la mbuzi wa ndafu. Waliolipa mpaka sasa ni wanne. Elfu thelathini kila kichwa, mwisho Jumapili. Baraka hujalipa.

Baraka: Haya sasa, si mnaona wenyewe

Mama Neema: Kaka usimjali huyo. Ila sauti ya kazi hiyo unayo, kweli.

Bibi (anaandika Furaha): Bibi anauliza hayo ni maigizo gani, maana amesikia ni ya mizimu. Mizimu kanisani?

Neema: Si ya kutambikia Bibi 🙈 Usiku wa kuamkia Krismasi mzee anatokewa na Marley, mwenzake wa biashara aliyekufa miaka saba nyuma, usiku kama huohuo. Baada yake wanakuja watatu. Mmoja wa Krismasi zilizopita, mmoja wa Krismasi ya mwaka huo, mmoja wa zile zijazo. Huyo wa mwisho hasemi neno, ananyoosha kidole tu.

Bibi (anaandika Furaha): Anasema anayenyamaza ndiye wa kuogopwa. Hao wengine wanapiga kelele tu.

Neema: Marley ana mnyororo kiunoni, anauburuza. Umeungwa kwa visanduku vya pesa, funguo, makufuli, daftari za hesabu na mikoba mizito ya chuma.

Mjomba: Daftari za hesabu nazo?

Neema: Nazo Mjomba.

Mjomba: Daftari lina kosa gani. Pasipo daftari mwaka jana mngekula mbuzi wa nani.

Mama Neema: 😂😂😂 jamani kaka

Neema: Mnisaidie neno moja. Scrooge akiambiwa habari za Krismasi anajibu "humbug". Nimeandika "Upuuzi!" lakini naona halijakaa.

Mama Baraka: Porojo?

Baraka: Usanii! "Krismasi? Usanii mtupu!"

Mama Neema: Hilo ndilo. Maana yeye anaona watu wanajifanya kufurahi ili wamtoe pesa.

Neema: Ahaa. Upuuzi ni ujinga tu, usanii una utapeli ndani yake. Naweka usanii. Na yeye ni bahili au mchoyo? Nimechanganya mote.

Bibi (anaandika Furaha): Bibi anasema mchoyo anakunyima wewe na yeye anakula. Bahili anakunyima na yeye mwenyewe hali. Anauliza huyo mzee alikuwa anakula nini.

Neema: Uji. Nyumba nzima giza, kwa sababu giza halina gharama, anakaa na kibakuli cha uji mbele ya kamoto kadogo, na mafua juu.

Bibi (anaandika Furaha): Bahili basi. Maskini.

Mjomba: Mimi naomba kuuliza. Alimwibia mtu?

Neema: Hapana Mjomba.

Mjomba: Alikwepa deni?

Neema: Hapana. Wanaodaiwa ni wengine, wanadaiwa na yeye. Kuna mke na mume wanaonyeshwa, mdai wao kafa, mama wa watu anashukuru mpaka anajishtukia, anaomba msamaha kwa kufurahia kifo.

Mjomba: Sawa. Na karani wake alimlipa ngapi?

Neema: Bob Cratchit, shilingi 15 kwa wiki.

Mjomba: Zidisha kwa 52 ni shilingi 780. Pauni moja ilikuwa shilingi 20. Pauni 39 kwa mwaka. Ana watoto wangapi?

Neema: Sita. Tim ndiye mdogo, mguu mbovu, anatembelea gongo. Na Mjomba, ofisini Bob ana moto wa kaa moja. Hawezi kuongeza kwa sababu sanduku la makaa liko chumbani kwa Scrooge. Anajifunga skafu, anajaribu kuota moto kwenye mshumaa.

Mjomba: Hapo alikosea. Mtu mwenye baridi vidoleni atakosea hesabu.

Baraka: Yaani tatizo ni hesabu 😭

Mama Baraka: Huyo mwandishi aliyajulia wapi haya? Au ni mtoto wa matajiri anawahurumia wengine kwa dirishani?

Neema: Hapana Ma'mkubwa. Mwaka 1824 baba yake alifungwa gereza la Marshalsea, London, kwa deni la mwoka mikate. Pauni 40 na shilingi 10. Charles alikuwa na miaka 12, akatolewa shule akapelekwa kiwanda cha dawa ya viatu, kubandika lebo kwenye vichupa.

Mjomba: Deni hilo linazidi mshahara wa Bob wa mwaka mzima, kwa pauni moja na nusu.

Mama Neema: Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Neema: Na kitabu chenyewe kilitoka tarehe 19 Desemba 1843, nakala 6,000, zikaisha kabla ya Krismasi. Bei shilingi 5.

Mjomba: Theluthi ya mshahara wa wiki. Bob asingeweza kujinunulia kitabu kinachomsema yeye.

Baraka: Mjomba leo kaamka 👏🏾

Mjomba: Na mwandishi alipata faida?

Neema: Alitegemea pauni 1,000. Nakala hizo za kwanza zikampa 230. Majalada mazuri, picha za rangi, gharama zikala kila kitu.

Mjomba: Hakufanya makadirio.

(saa mbili na dakika kumi)

Neema: Sasa kilichonisumbua zaidi ni hiki. Scrooge ana mpwa anaitwa Fred, kila mwaka anakuja kumkaribisha chakula cha Krismasi, kila mwaka anafukuzwa. Kwa Kiingereza Fred anamwita "uncle", basi. Kwetu lazima nichague. Ni ami? Baba mkubwa? Nikarudi nyuma kusoma. Scrooge alikuwa na dada, Fan. Ndiye aliyekwenda kumtoa shule ya bweni alipoachwa peke yake likizo, akamwambia turudi nyumbani, baba siku hizi amekuwa mpole. Fan akafa akaacha mtoto mmoja. Ndiye Fred.

Mama Baraka: Kumbe ni MJOMBA wake??

Neema: Ndiyo Ma'mkubwa.

Mama Baraka: Sasa hapo ndipo nimekasirika. Mtoto wa dada yako marehemu anakuja mlangoni kukuita ukale, unamwambia usanii? Mjomba si ndiye mama aliyebaki?

Mama Neema: Mimi nilijua ni mzee mgumu wa pesa tu. Kumbe ni ndugu mbaya.

Neema: Na kuna mahali roho wa kwanza anamwambia, dada yako aliacha watoto nadhani. Anajibu, mtoto mmoja. Roho anasema, kweli, mpwa wako. Scrooge anakosa raha, anajibu "ndiyo" tu. Hapo nimeandika "mpwa wako" nikaliacha hivyohivyo, sikuongeza kitu.

Bibi (anaandika Furaha): Bibi kanyamaza kidogo. Sasa anasema endelea.

Baraka: Mimi nina swali la kichokozi. Huyu mzee si alibadilika kwa sababu alionyeshwa kaburi lake? Hiyo toba au woga? Hata mwizi akiona tairi shingoni anaokoka.

Mama Neema: Baraka ana hoja.

Neema: Hana 😄 Kaburi linakuja mwishoni kabisa. Machozi yanaanza na roho wa kwanza, anapojiona mtoto yuko peke yake darasani anasoma. Analia, anajipangusa kwa mkono wa shati, halafu anasema jana usiku kuna mtoto alikuja kuimba mlangoni kwangu, natamani ningempa kitu. Huyo mtoto alikuwa amemtimua kwa rula!

Baraka: Rula 😂

Neema: Hajatishwa na mtu hapo. Kajikumbuka alivyokuwa, basi akamkumbuka na yule wa mlangoni.

Mjomba: Woga nao usiudharau, Neema. Nionyeshe kwenye hayo mambo yajayo anaona nini.

Neema: Anaona wafanyabiashara wanaongea kwamba kuna mtu kafa. Mmoja anasema mazishini nitakwenda kama kuna chakula.

Mama Baraka: Hao hata huku wapo!

Neema: Halafu wanawake wawili na mfanyakazi wa mazishi wanauza vitu vya marehemu kwa mnunua vikuukuu. Mapazia ya kitanda, wameyang'oa na pete zake, marehemu kalala palepale. Mablanketi. Na shati zuri alilokuwa amevishwa azikwe nalo.

Bibi (anaandika Furaha): Bibi anasema AMEVULIWA? Anasema rudia.

Neema: Amevuliwa Bibi.

Bibi (anaandika Furaha): Anasema basi hakuwa na mtu wa kukaa naye usiku ule. Maiti haiachwi peke yake.

Mjomba: Ndicho nilichotaka kusema. Mtu hashtuki kwa kufa, kufa tunajua. Anashtuka kwamba amekufa na watu wanauliza kuna chakula. Huo si woga wa kaburi, ni aibu. Na aibu inafundisha.

Mama Neema: Kaka, umeongea.

Mjomba: Akishaamka anafanya nini? Maana kulia kila mtu analia.

Neema: Anafungua dirisha, anamtuma mtoto wa mtaani bata mzinga mkubwa kuliko wote dukani, mara mbili ya Tim. Anapelekwa kwa akina Cratchit, na Bob hajui nani kaleta. Bata ni mzito habebeki mpaka Camden Town, analipia na gari la farasi. Na anacheka wakati wa kulipa.

Mjomba: Gari pia?

Neema: Gari pia, na bakshishi ya mtoto.

Mama Baraka: Na hakupiga picha akikabidhi 😌 Siku hizi ungeona na bango.

Neema: Halafu anakutana njiani na mzee mmoja wa wale waliokuja jana yake kuchangisha kwa ajili ya maskini. Jana aliwajibu kwani magereza yamefungwa? Nyumba za kazi za maskini hazipo? Kama wanaona bora kufa na wafe, wapunguze watu. Leo anamnong'oneza kiasi sikioni, yule mzee anapigwa butwaa. Anamwambia ndani yake yamo malimbikizo mengi ya nyuma.

Mjomba: Rudia hilo.

Neema: Malimbikizo. Ya miaka ambayo hakutoa.

Mjomba: Sasa huyo nimemwelewa. Wengi wakiokoka wanaanza ukurasa mpya, la zamani wanalipiga mstari. Yeye kafungua daftari lilelile akaangalia anadaiwa nini. Waambie hao waliosema daftari ni mnyororo.

Baraka: Lakini Mjomba, nyongeza ya Bob haikuwa na malimbikizo. Kaanza kuongezewa tangu hapo tu. Na hizo nyumba za kazi zilizoenezwa na ile Sheria ya Maskini ya 1834 zilibaki palepale. Mzee mmoja kalainika, mfumo uko vilevile. Na jirani wa Bob mwenye bosi asiyeota ndoto je?

Mama Neema: Lipa mchango wa mbuzi ndipo uongelee mfumo.

Baraka: 🏃🏾‍♂️

Neema: Lakini Baraka ana ukweli kidogo. Ndiyo maana roho wa pili ana watoto wawili chini ya joho lake, wamekonda, wamekunjamana kama wazee. Mmoja ni Ujinga, mwingine Uhitaji. Hao hawapati bata mzinga. Wanaonyeshwa tu, na kitabu hakisemi waliishia wapi. Nawaweka jukwaani, watoto wawili wa Sunday school, wakae kimya.

Bibi (anaandika Furaha): Bibi anauliza, na kale kenye mguu, kalipona?

Neema: Kwenye maono kalikufa Bibi. Lakini mzee alivyobadilika hakakufa, na Scrooge akawa baba yake wa pili.

Bibi (anaandika Furaha): Anasema asante Yesu, sasa atalala.

Neema: Kabla hajalala! Bado natafuta gongo. Nani ana gongo?

Baraka: Gongo usharikani? Mchungaji anajua? 😂😂😂

Mama Neema: Nimecheka mpaka mboga imeungua.

Neema: La kutembelea jamani!! Fimbo, chochote.

Bibi (anaandika Furaha): Bibi anasema mkongojo wa Babu upo nyuma ya mlango wa jikoni, pale alipouegemeza. Haujasogezwa. Anasema anaufuta vumbi kila akifagia. Uje uchukue.

Neema: Bibi, kwenye kitabu, roho akiulizwa kama Tim ataishi anasema anaona kigoda kitupu pembeni ya moto, na gongo lisilo na mwenyewe, limetunzwa vizuri.

(saa tatu kasoro)

Mama Baraka: Baba alikuwa akiugonga sakafuni akitaka chai.

Mama Neema: Mara mbili. Mara tatu ni redio.

Neema: Ila utakuwa mrefu kwa mtoto wa darasa la kwanza. Tungeukata chini kidogo?

Mjomba: Usikatwe.

Mjomba: Kuna seremala hapa njia panda, kesho nampitia atengeneze mdogo wa saizi ya mtoto. Nipe urefu wa huyo mtoto. Risiti nitaituma humu.

Neema: Asante Mjomba 🙏🏾 Na Scrooge?

Mjomba: Mazoezi lini?

Neema: Jumamosi saa nane mchana, ukumbi wa usharika. Kuna sehemu Bob anachelewa kazini dakika kumi na nane na nusu, unajifanya mkali, halafu unamwongezea mshahara.

Mjomba: Huo ukali sitajifanya. Nguo?

Neema: Nguo ya kulalia ndefu nyeupe, na kofia.

Mjomba: Sinunui.

Mama Baraka: Ninalo gauni langu la kulalia kaka, jeupe, linafika chini.

Mjomba: Lina maua?

Mama Baraka: Kidogo tu shingoni.

Mjomba: Lete. Baraka bado hujalipa.