Nataka kufika Lenana na naishi Likoni, nianzie wapi?

kaka_wa_likoni: Wazee habari zenu, mwakani nataka kupanda Mlima Kenya mpaka kilele cha Lenana, 4,985m, shida huku kilima nikijuacho ni ule mteremko wa feri 😂 na malengo yangu ya Januari ikifika Machi yashapotea. Nifanyeje?

BintiKisauni: Kaka, Lenana ni ya mwakani, lengo lako la kesho ni kuamka saa kumi na moja utembee ufukweni kwenye mchanga laini na begi la chupa za maji mgongoni, basi. Wikendi panda vilima vya Shimba Hills. Na ujizoeze kushuka ngazi pia, magoti huumia kwenye kushuka.

mzee_wa_begi: Naongezea, mazoezi ya pwani hayakuzoeshi hewa nyepesi, hiyo yataka siku. Pita njia ya Sirimon, ulale kambi ya Old Moses 3,300m kisha kambi ya Shipton's 4,200m, weka siku moja ya ziada na usishindane na mtu. Kichwa kikigonga ukaanza kutapika, shuka, kilele hakihami.

kaka_wa_likoni: Saa kumi na moja jamani 😩 haya. Jaketi zito ntapata wapi Mombasa hii?

BintiKisauni: Kongowea, mitumba. Joto hili nani mwengine atayanunua 😂