Mrejesho: Gari lililokuwa likizima mlima wa Amani

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini gari langu la kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini), la mwaka 1983, hutembea vizuri hapa Tanga mjini, lakini likipanda kutoka Muheza kwenda Amani humisi na kuzima, kisha likipumzishwa huwaka tena. Wengi mlinishauri ninunue pampu mpya ya mafuta. Mmoja alisisitiza nipime kwanza, nami namshukuru kwa dhati.

Fundi alichomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, akauelekeza ndani ya chupa na kuzungusha injini kwa starta, baada ya kuchomoa waya unaopeleka umeme kwenye koili ili cheche isije ikawasha mvuke wa petroli. Mafuta yalitoka kidogo mno, yenye mapovu. Pampu ingehukumiwa bure hapo, kwani ilipounganishwa na kidumu cha petroli safi badala ya tangi, ilisukuma kwa nguvu. Kumbe mpira wa upande wa kunyonya, yaani kati ya tangi na pampu, ulikuwa na ufa, na ufa wa upande huo huweza kuingiza hewa bila kudondosha mafuta, ndiyo maana hatukuona dalili yoyote ya kuvuja; isitoshe, chujio la ndani ya tangi lilikuwa limezibwa na kutu. Mafuta hayo machache yaliitosha injini kwenye tambarare, lakini mlimani kabureta ilikauka.

Tangi limesafishwa, mipira na filta vimebadilishwa, pampu ni ileile. Gari limefika Amani na mizigo bila kuzima. Filta nitaendelea kuikagua, maana kutu iliyosalia hutoka taratibu.