Naomba ushauri: silinda ya 9mm kwenye Ruger Blackhawk ya .357

Wakuu, habari zenu. Nipo Texas, ninamiliki Ruger Blackhawk ya .357 Magnum, zile bastola za mzunguko ambazo lazima uvute nyundo kwa kidole gumba kila unapotaka kufyatua. Risasi za .357 zinaumiza mfuko, za 9mm ni nafuu sana. Ruger wenyewe huuza bastola hii na silinda mbili (kile kipande kinachozunguka na kubeba risasi), moja ya .357 na moja ya 9mm, na mtutu ni uleule kwa sababu risasi ya .357 ina kipenyo cha inchi .357 na ya 9mm .355.

Sasa kuna jamaa anauza silinda ya 9mm peke yake, imetumika. Kwenye uso wa mbele wa silinda hiyo zimekwaruzwa tarakimu za mwisho za namba ya bastola ilikotoka, na si yangu. Najua kiwandani kila silinda hurekebishwa iendane na fremu yake.

Waliowahi kufanya hivi: fundi alilazimika kusaga chochote, au ilikaa tu? Uwazi kati ya silinda na mtutu mliupima kwa feleji geji (vile vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na kupata ngapi? Na kitundu cha silinda kinachokaa risasi kisipolingana sawasawa na mtutu nyundo ikishavutwa, hilo linarekebishika au nisipoteze hela?

Kuna aliyenishauri nichanganye hadi .44 na .45, eti fremu inafanana. Hapana jamani. Risasi ya .45, yenye kipenyo cha inchi .452, kwenye mtutu wa .44 ambao ni wa .429? Vidole vyangu bado navihitaji.