Fundi uliyeziba dirisha langu Uyole kwa hardbodi na misumari minne, njoo uchukue hardbodi yako

Wakuu habari za Jumamosi. Naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Usiku wa kuamkia Jumatatu wezi waliingia kwangu hapa Uyole, Mbeya. Wanaopajua wanaielewa njia panda ile: malori ya Zambia na ya Malawi yanapita usiku kucha, breki za upepo zinapiga kelele mpaka alfajiri, kioo kikivunjwa nyumba ya tatu kutoka barabarani hakuna anayeshtuka. Walitanua nondo za grili ya sebuleni kwa jeki ya gari, wakavunja vioo, mmoja akapenya. Wenzake wakaupiga mateke mlango wa nyuma, wa jikoni, hadi fremu ikapasuka upande wa kitasa, ufa wa urefu wa mkono mzima. Mimi, mama yangu na wanangu wawili tulikuwa tumejifungia chumba kimoja, mkono wangu uko kwenye mdomo wa mdogo asilie. Mume wangu ni dereva, usiku huo alikuwa kwenye foleni Tunduma.

Waliondoka na televisheni, mtungi wa gesi, subufa na simu ya mama. Hivyo sivililii hapa. Vimekwenda, RB ya polisi ninayo, mwenyekiti wa mtaa alikuja na akaandika. Ninachokuja kulalamikia ni siku tatu zilizofuata, kwa sababu katika siku hizo hakuna mwizi aliyenidanganya. Walionidanganya ni watu ninaowalipa.

Saa moja asubuhi nilimpigia mwenye nyumba, yeye anaishi Dar. Nikamweleza: dirisha la sebule halina kioo hata kimoja, grili imetanuka mtoto anapita, mlango wa nyuma haufungi. Akanijibu, "Pole sana mama, wiki hii nitamtuma mtu aje aangalie." Wiki hii! Nikamwambia baba, usiku unaingia leo, hauingii wiki hii. Akasema basi tafuta fundi wa kuziba kwa muda, tutahesabiana kwenye kodi. Nikashukuru hata hilo. Leo anasema hakulisema.

Fundi nilielekezwa na muuza duka wa jirani. Nimempigia saa tatu asubuhi, amefika saa kumi na moja jioni, jua linaelekea nyuma ya mlima, mimi nimekaa mlangoni mchana kutwa sijaenda kazini kwa sababu nyumba haifungiki. Kitu cha kwanza alichosema hakikuwa pole. Alisema, "Hii ni kazi ya dharura dada, bei yake ni ya dharura." 95,000, na yote mbele. Nikamtumia kwa simu. Ningefanyaje, giza lile pale, baridi ile pale, watoto wale pale.

Sasa sikilizeni alichofanya. Alikuja na kipande cha hardbodi, ile nyembamba ya kupigia dari, ile ukiibonyeza kwa kidole gumba inaitika. Akaisimamisha kwa nje juu ya fremu ya mbao, akapiga msumari kila kona, misumari minne ya inchi mbili, basi. Kwenye fremu hiyohiyo iliyotikiswa na jeki. Nikamuuliza, fundi, hii si itang'oka? Akasema, "Dada hii ni ya muda tu, keshokutwa tunaleta aluminiamu." Akahamia mlango wa nyuma. Huko alipiga banzi moja la mti wa mlingoti kwa kulikatisha mlangoni, nalo kwa nje. Kwa nje! Yaani mtu aliyesimama uani kwangu usiku ndiye mwenye mlango, na mimi niliye ndani ndiye niliyefungiwa. Nyumba ikiwaka moto nitokee wapi? Dakika ishirini akawa amemaliza, akapanda bodaboda.

Usiku ule sikulala. Hardbodi ilikuwa inapiga kama ngoma kila upepo ukija, na Julai ya Uyole wenyeji mnaijua, nyuzi zinashuka chini ya 10. Mama akaziba mianya yote kwa nailoni na selotepu, akafanya kazi nzuri kuliko fundi, kisha akaingiza jiko la mkaa ndani ili watoto wapate joto. Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma, mkubwa akasema tumbo linamchafuka. Nikainuka mbio, nikalitoa jiko uani kupitia mlango wa mbele, nikafungua na dirisha la chumbani.

Hapa niombe radhi nitoke nje ya lalamiko kidogo, kwa sababu nyanda hizi za juu kila mwaka ukifika msimu wa baridi tunazika watu kwa jambo hili. Mkaa unaowaka ndani ya nyumba iliyozibwa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Huioni, huinusi, na inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Unaumwa kichwa, unalegea, unasinzia, huamki. Na ni lini nyumba inazibwa kuliko siku zote? Ni siku dirisha limevunjika na umebandika nailoni kila tundu. Ukiwa umeziba, jiko likae nje. Vaeni masweta, laleni wote kitanda kimoja, chemsheni maji mtie kwenye chupa mkumbatie. Jiko nje.

Turudi kwa fundi.

Jumanne nimempigia mara sita. Aluminiamu iko njiani. Aluminiamu inakatwa. Mteja mwingine kamchelewesha. Jioni simu haipatikani.

Usiku wa kuamkia Jumatano wakarudi. Sijui kama ni walewale, ila walikuja moja kwa moja kwenye dirisha lile. Hatukusikia chochote. Safari hii hapakuwa na kioo cha kupiga kelele, wala grili ya kutanua. Fundi alikuwa amewatengenezea mlango. Wakachukua cherehani yangu. Wakuu, cherehani ile ndiyo ada ya watoto. Mchana nafundisha, jioni nashona sare za shule, na mwezi huu nina vitambaa vya watu ambavyo nimeshapokea malipo ya awali. Wamechukua na vitambaa.

Asubuhi nilimpata fundi kwa namba ya mtu mwingine. Nikamwambia wameingia tena, kupitia kwenye hardbodi yako. Nanukuu neno kwa neno: "Sasa dada, si nilikwambia ile ni ya muda?"

Sentensi hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Tangu lini "ya muda" ikawa maana yake hovyo? Ya muda ni ile ambayo utaivua baadaye bila kuharibu ukuta. Mwizi hajui kwamba ni ya muda na wala hangoji ya kudumu ije. Usiku wa kwanza na wa pili baada ya kuvunjiwa ndio nyumba ina hatari kuliko zote, kwa sababu ameshaijua njia, ameshaona kilichobaki, na anajua hamjalala vizuri kwa hiyo mtachoka. Usiku huo ndio unaotaka mbao nene kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Na huo ndio usiku mnaotuletea hardbodi ya dari na kutukamua bei ya dharura!

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa mtaani, seremala aliyestaafu, alikuja kutoa pole tu. Nilimwamkia, akaitikia, hata kukaa hakukaa, akaenda moja kwa moja dirishani. Akainama, akaokota msumari uliokuwa umedondoka kwenye majani. Ulikuwa umenyooka, hauna hata kona, hauna mkwaruzo. Akaniwekea kiganjani. "Huu haujang'olewa, mwanangu. Umechomolewa."

Kisha akaniambia nitafute usafiri twende sokoni Mwanjelwa.

Tulinunua ubao wa plaiwudi wa milimita 12, mbao mbili za paini za 2x4, na bolti ndefu nne zenye kichwa cha mviringo, laini, kichwa ambacho spana haikishiki. Na hapa kwenye maduka muwe makini, duka la kwanza walitupa plaiwudi wakasema ni 12, mzee akatoa tepu yake mfukoni akaipima pembeni, ni 9. Hakugombana nao, akairudisha akatoka. Mimi ningelipa na kushukuru.

Kazi yenyewe ilimchukua kama saa mbili. Plaiwudi akaikata ikafunika fremu yote kwa nje na kupita kidogo kila upande. Zile mbao mbili hazikukaa nje, alizilaza kwa ndani, ndefu kuliko tundu la dirisha, ncha zake zimeegemea ukuta kulia na kushoto. Akatoboa kwa drili, bolti zikaingia kutoka nje, zikapita katikati ya nondo, zikatokea kwenye mbao, akaweka washa na nati na kukaza kwa ndani. Ukiwa nje unaona vichwa vinne laini, hakuna pa kushika, hakuna msumari wa kuchokonoa. Ukitaka kuiangusha lazima uvute mpaka mbao za ndani zipite ukutani, na hazipiti. Ukiwa ndani unaifungua kwa spana moja. Chini akapitisha nailoni maji yasiingie, juu akaacha upenyo wa vidole viwili na kuufunika kwa wavu wa mbu ili nyumba ipumue. Nilimweleza habari ya jiko, ndipo akaongeza upenyo huo.

Mlango wa nyuma akaling'oa lile banzi kwa mkono mmoja. Kitasa hakukigusa, alisema fremu iliyopasuka haishiki skrubu hata uweke kitasa cha bei gani. Akafunga vishikio viwili vya chuma ukutani, huku na huku, kwa skrubu ndefu zilizozama kwenye tofali na siyo kwenye fremu, na sasa kila jioni napitisha mbao moja nene kwa ndani kama walivyofanya babu zetu. Asubuhi naitoa. Grili ilirudishwa siku iliyofuata na kijana wa kuchomelea. Nilipotaka kufunika na dirisha la chumbani kwa woga, mzee alinikataza kabisa: chumba wanacholala watu kibaki na njia moja inayofunguka kwa ndani bila kutafuta spana gizani.

Vifaa vyote na nauli havikufika 95,000. Mzee alikataa pesa, akakubali kunywa chai.

Kwa hiyo fundi wangu, nakueleza mbele ya watu ingawa jina lako nimelihifadhi: ulikuwa na hela ya kununua plaiwudi na bolti, na chenji ingebaki. Ulichagua hardbodi. Ulikuwa na mchana mzima, ukaja jioni ili nisipate nafasi ya kukataa bei. Nataka 95,000 yangu irudi. La cherehani nitaliongea kwa mwenyekiti, nimeshaandika tarehe, muamala ninao, na picha nilipiga hardbodi yako ikiwa imesimama na ikiwa imelala chini.

Kwa mwenye nyumba wangu nina neno pia. Mkataba wetu umeandikwa kwamba matengenezo ya milango na madirisha ni ya kwako. Unaniambia "wewe ndiye uliyeibiwa, mimi sikuibiwa kitu". Dirisha ni la nani? Fremu ni ya nani? Mlango ulioununua wewe umepasuka, na mimi nimeulinda kwa hela yangu usije ukabebwa wenyewe. Kodi ya miezi sita ulipokea kwa siku moja, hukusema utatuma mtu wiki hii aje aangalie kodi.

Na nyie mliopanga, tafadhali, msisubiri yakukute kama mimi. Kabla hujafagia vioo piga picha, ita mwenyekiti, chukua RB. Makubaliano na mwenye nyumba yawe kwa ujumbe wa maandishi, siyo kwa kuongea, mimi nimeumia hapo. Fundi akija mwambie akuonyeshe atafunga kwa ndani au kwa nje, na umlipe vifaa kwanza, ufundi akimaliza na wewe ukivuta kwa nguvu zako zote mbele yake. Ikiitika, hajamaliza.

Mwanangu wa miaka sita hakubali tena kuingia sebuleni baada ya magharibi. Jana nilimshika mkono, nikampeleka dirishani, nikampa ile spana aijaribu nati moja. Akaikaza kwa mikono miwili, ikagoma kusogea. Akaniuliza, "Nje hawaioni hii?" Nikamwambia hawaioni. Amelala na ile spana chini ya mto.

Naomba mwenye kumjua fundi mwaminifu wa aluminiamu kati ya Uyole na Mafiati aniandikie inbox, awe ni mtu aliyewahi kumfanyia kazi yeye mwenyewe, siyo wa kusikia. Mwenye nyumba ameahidi vipimo vitachukuliwa Jumatatu. Jumatatu jioni nitarudi kwenye uzi huu kuandika kama walikuja.