Naomba ushauri: nifungeje wasifu wa Thomas Nashe?

Ndugu zangu, ninaandika wasifu mfupi wa Thomas Nashe, mwandishi wa vijitabu vya kejeli aliyezaliwa Lowestoft, Uingereza, mwaka 1567, na nimekwama kwenye sura ya mwisho. Mwaka 1597 tamthilia aliyoshirikiana na Ben Jonson iliwaudhi wakubwa, Jonson akafungwa, naye Nashe akakimbilia Great Yarmouth, mji uliompa mada ya kitabu kizima cha kumsifu samaki wa kukaushwa kwa moshi (hapo hucheka kila nisomapo). Mwaka 1599 maaskofu wakaamuru vitabu vyake na vya hasimu wake, Gabriel Harvey, vikusanywe na visichapwe tena. Je, nimalizie kwa amri hiyo, au kwa samaki, anayetuonyesha ulimi wa Nashe ukiwa bado mkali?