Tupeane uzoefu: uliwahi kukaa na kitu cha balaa ukashindwa kukitupa?

Mtunzi wa Raskazoni (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Niko Tanga hapa, mchana niko ofisini, usiku naandika hadithi ya kubuni ya kisayansi ambayo sasa imenigomea. Kuna kitu kimetoka nje ya dunia hii kikazama pwani ya Mwambani, zamani, kabla Mjerumani hajafika. Cheusi, ukubwa wa kinu cha kutwangia, hakishiki kutu wala hakioti chaza. Kikiachwa hakina neno. Kikiondolewa mahali pake, bahari inakauka mpaka miamba inaonekana, mifugo inapofuka, watu wazima wanasahau majina ya watoto wao. Wanakifukia. Miaka inapita, anakuja mwingine anakichimba, mambo ni yale yale.

Mara ya kwanza kuchimbwa nimeiweka Novemba 1914, Waingereza waliposhusha Tanga askari kama 8,000, wengi wao kutoka India, wakashindwa na Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliyekuwa na watu kama 1,000 tu. Nyuki walitoka wakawavamia. Hilo sikulibuni, lipo kwenye historia, na nyuki wenyewe waliuma pande zote mbili. Mimi nimeongeza tu nini kiliwakasirisha.

Sasa shida. Nimemsomea mke wangu. Kufika ukurasa wa 40 akaniuliza, "Hawa watu wako ni mapunguani? Kimewamaliza mara mbili, si wakitupe?" Nikakosa la kumjibu.

Kwa hiyo tupeane uzoefu. Mambo ya majini na waganga wekeni kando leo, mada zake zipo tele. Nataka kujua ulikipata wapi, kilikupata nini ukiwa nacho, na hasa: kwa nini hukukitupa.

Mzee wa Jarife

Mwanangu, hapo umenigusa. Tulikuwa watu 6 kwenye mashua, tumetega jarife nje ya Kigombe, kusi linaelekea kuisha. Alfajiri tunavuta, wavu mzito. Nikasema papa huyu. Kijana mmoja akasema labda silikanti, maana tangu mwaka 2003, 2004 yule samaki alipoanza kuingia kwenye nyavu za nchi hii kila wavu mzito unaambiwa ni yeye. (Wasiomjua: wataalamu walidhani alikwisha pamoja na madinosaria, mpaka alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Nyama yake si ya kula, mafuta matupu.)

Hakuwa samaki. Lilikuwa tufe la plastiki ngumu, kubwa kuliko mpira wa miguu, limeota chaza, lina namba ubavuni, na chini yake linaburuta kitu kama soksi ndefu ya kitambaa yenye matundu. Soksi ile ndiyo iliyojisokota kwenye wavu. Pima nyingi za jarife tulizikata kwa kisu kulitoa.

Safari iliyofuata mashine ikafa katikati ya maji, tukarudi kwa tanga. Ya tatu mabaharia wawili wakashikana mashati. Ya nne hatukupata hata kitoweo. Mke wangu akasema kitoe hicho kidude. Sikukitoa. Unajua kwa nini? Mle chomboni kila mtu alikuwa na deni, na kila mtu alikwishaliuza lile tufe kichwani mwake na pesa akaigawa: huyu bati, yule mahari. Nikilitupa, nimewatupia watu sita pesa yao. Bora mkosi.

Kwa haki ya Mungu niseme pia, mashine ile ilikuwa mbovu tangu mwaka wa nyuma.

Fundi Redio

Shikamoo mzee. Hilo ni boya la watafiti wa bahari. Linaelea na mkondo, linapima joto la maji ya juu, linatuma habari kwa setilaiti. Soksi imewekwa makusudi, inakaa kama mita 15 chini ili boya lifuate maji lisipeperushwe na upepo. Kwa hiyo pale mlipokuwa mnaliogopa, kuna mtu mahali fulani alikuwa anatazama kwenye kompyuta boya lake likipanda nchi kavu na kutulia uani kwako! Usilipasue, ndani mna betri.

Mzee wa Jarife

Marahaba. Wajukuu wanalikalia wakinywa uji.

Chuma Chakavu

Mimi nimefanya kazi kwenye yadi ya chuma chakavu hapa mjini, sitaitaja. Mwandishi, njoo huku ukitaka kujua kwa nini watu hawatupi.

Siku moja akaja kijana na mkokoteni, ana kopo la chuma nene lililojazwa risasi (ile metali nzito, si ya bunduki) kwenye kuta. Dogo kwa macho, kwenye mizani limepita kilo 60. Ubavuni alama imefutika, lakini ukiinamisha kichwa unaona vipande vitatu vimezunguka kidoa, kama feni: alama ya hatari ya mionzi. Bosi alishalipa. Akaniambia nilikate kwa gesi, tutenganishe risasi na chuma. Nikamwambia bosi, nikate mkono wangu kwanza.

Mimi nilikuwa nimesoma habari za Goiânia, kule Brazili. Septemba 1987 watu wawili waliingia kwenye kliniki iliyohamwa, wakang'oa kichwa cha mashine ya kutibia saratani, wakakiuza kwa mwenye yadi. Yadi kama yetu kabisa. Ndani mlikuwa na unga wa seziamu-137, kitu chenye mionzi mikali, na usiku ulikuwa unatoa mwanga wa buluu. Unadhani alikimbia? Aliita ndugu na majirani waje waone. Wakagawana chembe chembe, mtu akapeleka nyumbani kwake kama zawadi. Wengine walijipaka mwilini. Mtoto wa miaka 6 aliushika kisha akala chakula kwa mkono ule ule. Watu wakaanza kutapika, mmoja mmoja, na bado kile kitu kikawa kinapita mkono kwa mkono, kikauzwa yadi ya pili. Aliyeshtuka ni mke wa mwenye yadi. Alikitia kwenye mfuko, akapanda nacho basi mpaka kwa watu wa afya. Walikufa 4, akiwemo yule mtoto na yule mama mwenyewe. Waliokutwa na uchafu wa mionzi walikuwa 249, na waliopangwa foleni kupimwa walizidi 112,000.

Soma tena, mwandishi. Kilikuwa kinang'aa, kinaua, na watu wanapeana zawadi.

Mtunzi wa Raskazoni

Mkuu nimesimama kusoma nikaenda kunywa maji. Na lile kopo lenu?

Chuma Chakavu

Lilikaa miezi minane. Bosi aliliweka nyuma ya choo, akalifunika gunia, kila anayepita anaambiwa usisogee. Kutupa hataki, amelipia. Kutoa taarifa hataki, ataulizwa alinunuaje. Akapata mteja akalipakia, baada ya wiki mteja akalirudisha usiku, hakudai hata pesa yake. Hapo ndipo nilipochukua simu mwenyewe kupiga kwa wahusika wa mambo ya mionzi. Walikuja na vipimo, wakasema ndani tupu, ni ganda tu, wakaondoka nalo. Bosi hakunisemesha mpaka naacha kazi.

Mtazamaji wa Nyota

Nitakuwa mkorofi. Kitu halisi kutoka angani tunacho nchini, Kimondo cha Mbozi, kule Songwe. Chuma asilimia 90 na nikeli karibu 9, urefu kama mita 3, uzito zaidi ya tani 10. Nimekishika, nimekiegemea, nimepiga picha. Balaa pekee lililonipata ni nauli ya kwenda na kurudi. Wandishi wa hadithi hizi wanavionea vitu vya watu.

Mtunzi wa Raskazoni

Ha ha! Lakini hicho hakuna aliyekiondoa.

Mtazamaji wa Nyota

Watu wamekikata vipande vya kupima, kovu la msumeno bado lipo. Ila kubeba tani zote zile, nani ana mgongo huo?

Binti Kaole

Nipo Bagamoyo. Yangu fupi na naona haya. Darasa la sita tulipelekwa Kaole kutazama magofu, yale makaburi ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za Kichina. Chini nikaona kigae, kidogo kama ukucha wa dole gumba, cheupe na rangi ya kijani kidogo. Nikakitia kwenye soksi.

Mwaka ule nilianguka kwenye mwembe nikavunjika mkono. Kisha nikafeli. Kisha baba akaondoka. Sisemi ni kigae, lakini kila likitokea jambo nilikuwa naenda kukiangalia kama bado kipo. Nimehama nyumba nne nacho, kwenye kopo la wanja. Kukitupa jalalani niliona ni dhambi juu ya dhambi. Kukirudisha maana yake ningemkuta mtu pale mlangoni, nimwambie mimi ni mwizi. Hilo ndilo sikuliweza, si kitu chenyewe.

Nimekirudisha nikiwa na miaka 29. Mlinzi alikipokea, akauliza kama nimelipa kiingilio.

Chuma Chakavu

Hiyo ya kiingilio imenimaliza.

Mtunzi wa Raskazoni

Dada, asante. Usiku huu nimefuta kurasa 12. Nilikuwa na mhusika, profesa mwenye tamaa, anayekichimba ili atawale dunia. Namtoa. Naweka mwenye mashua, anadaiwa, na watu sita wanamtazama usoni.

Mzee wa Jarife, lile tufe bado lipo?

Mzee wa Jarife

Lipo uani. Kwani unalitaka?

Mtunzi wa Raskazoni

Nakuja Jumapili na pikipiki. Tafadhali usimpe mtu mwingine.

Mzee wa Jarife

Mkeo anajua?